Vyombo vya Kina Garroway

Kila Jumamosi asubuhi, kifungua kinywa kikishaondolewa mezani, Hester Garroway alikuwa akitandaza magazeti ya juma lililopita kwenye meza ya jikoni, kisha anakwenda kwenye kabati la chumba cha kulia na kulifungua kwa ufunguo aliouvaa shingoni. Alitoa vyombo vya fedha vichache vichache, akivikumbatia kifuani kama mtu anayehamisha vifaranga. Kwanza vinara vinne vya mishumaa, kisha buli la kahawa, vijagi viwili vya mchuzi, vibakuli vya chumvi, sinia, upawa, uma na vijiko. Mwisho kabisa, kwa mikono miwili, bakuli kubwa la supu lenye mfuniko. Kila kimoja kilichorwa nembo ya korongo aliyesimama kwa mguu mmoja, na kila kimoja alikipaka dawa, akakisugua kwa kitambaa laini mpaka akauona uso wake ndani yake, mrefu na umepindapinda.

Hakuolewa. Aliishi katika nyumba hiyo ya Wenbrook tangu kuzaliwa, kwanza na wazazi, kisha na kaka yake Aubrey na mkewe, na mkewe alipofariki wakabaki wawili, wazee, kila mmoja na kiti chake mbele ya moto. Vyombo havikuwa vyake. Hilo alilijua tangu akiwa mtoto, kwa kuwa mambo ya kina Garroway yalikwenda kwa wanaume: kutoka kwa babu hadi kwa baba, kutoka kwa baba hadi kwa Aubrey, na baadaye yangekwenda kwa Lionel, mtoto wa Aubrey, aliyekuwa na kazi yake Bristol. Cha Hester kilikuwa kusugua. Kusugua na kukumbuka.

Maana hadithi za vyombo vile alikuwa nazo yeye. Alizipata kwa bibi yake Lavinia, mezani hapo hapo, mikono yao yote minne ikiwa myeusi kwa dawa. Bakuli la supu alipewa Thomasina, binti wa mfanyabiashara wa mvinyo, siku alipoolewa na Edmund Garroway mwaka 1761, na baba yake alilia akimkabidhi. Upawa umeliwa upande mmoja kwa kuwa aliyepakua nao miaka arobaini alikuwa wa mkono wa kushoto. Buli la kahawa liliwahi kupotezwa kwenye kamari na Augustus, na mkewe akapanda gari la farasi peke yake, mjamzito, akaenda kulidai na akarudi nalo. Hester alizijua zote, na alizipenda kuliko hata vyombo vyenyewe. Hakuna aliyewahi kumwomba azisimulie. Lionel alipokuwa mdogo alisikiliza mbili tatu, kisha akaomba ruhusa ya kwenda kucheza.

Akili ya Aubrey haikuondoka siku moja. Ilianza na majina, ikaja miwani, ikaja njia ya kurudi kutoka posta. Daktari aliuita ugonjwa wa kusahau, akasema utakwenda polepole. Hester alijikaza. Alimpikia, akamfunga vifungo vya shati, akamjibu swali lile lile bila kukunja uso. Alidhani hilo ndilo lingekuwa zito kuliko yote.

Kisha Jumapili moja Lionel akaja na mkewe Petra kula chakula cha mchana. Kulikuwa na nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi na kabichi. Petra alimimina mchuzi kutoka kwenye jagi la kaure.

"Vile vijagi vya fedha viko wapi leo?" Lionel aliuliza. "Si ndivyo vya Jumapili?"

"Sijaviona tangu jana," alisema Hester. "Nimefungua kabati havimo. Nilikuwa nimuulize baba yako mkishakula."

Aubrey aliweka uma chini. "Muulizeni huyo."

"Huyo nani, Baba?"

"Huyo mwanamke. Si ndiye mwenye ufunguo?"

Hester alicheka kwanza. "Kaka, acha utani, chakula kinapoa."

"Usiniite kaka!" Aubrey alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Mimi nikilala yeye anafungua kabati. Nasikia vijiko vikigongana. Anadhani sisikii."

"Baba, huyu ni Shangazi Hester."

"Hester yuko shule," alisema Aubrey, na sauti yake ilikuwa na uhakika kiasi kwamba kwa sekunde moja hata Hester aliona kama ni kweli, kwamba mtu mwingine yuko mahali fulani akijifunza kusoma, na yeye ni mtu tu aliyekaa kwenye kiti chake.

Petra aliangalia sahani yake. Lionel alifuta mdomo. "Basi tutazame tu, ili atulie," alisema. "Vitakuwa viko mahali. Shangazi, hutajali tukipita kila chumba?"

"Piteni," alisema Hester. "Nijali nini?"

Walivikuta chumbani kwake. Vilikuwa kwenye kabati lake la nguo, rafu ya chini, vimezungushiwa sweta yake ya kijivu ya baridi, na mikono ya sweta ilikuwa imefungwa fundo. Lionel alichuchumaa akafungua fundo lile taratibu mpaka fedha ilipong'aa.

"Sikuviweka mimi," alisema Hester.

"Sijasema umeviweka wewe, Shangazi."

"Sasa unasema nini?"

"Sisemi kitu."

"Lionel, nimevisafisha vyombo hivi tangu kabla hujazaliwa. Ningetaka kuviiba ningengoja mpaka miguu inaniuma?"

"Hakuna aliyetaja kuiba," alisema Petra kwa upole kutoka mlangoni, na upole ule ulimchoma Hester kuliko tusi.

Waliporudi chini, Aubrey alikuwa amemaliza viazi vya watu wote. Aliviona vijagi mikononi mwa mwanawe, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nilikwambia," alisema. "Lakini usimfukuze. Anapika vizuri."

Kabla ya kuondoka, Lionel alisimama na Hester ukumbini, akiwa tayari amevaa koti. Alizungumza akiuangalia mwavuli wake. "Nimefikiri hivi. Ufunguo ukae na Baba kwa sasa. Ni mali yake, hata kisheria. Ukiwa kwake, hata kikipotea kitu, hakuna wa kukunyooshea kidole. Nakulinda wewe, Shangazi."

"Ukimpa ufunguo baba yako, vyombo vitakwisha."

"Unaona? Ukisema hivyo inasikika vibaya."

Kila neno aliloliwaza lilikuwa linasikika vibaya kabla hajalitamka. Aliuvua ufunguo shingoni. Uzi wake ulinasa kwenye nywele, ikabidi Petra amsaidie kuunasua.

Jioni ile, akizirudisha sweta zake kwenye rafu, ndipo alipoelewa, na alipoelewa aliketi sakafuni. Walipokuwa watoto, Aubrey alificha kila kitu chake cha thamani chumbani kwa Hester: mayai ya ndege, kisu kilichokatazwa, sigara za kwanza. Mama yao hakuwahi kupekua humo. Kwa hiyo kaka yake alikuwa amevichukua vijagi vikiwa bado mezani Jumamosi, akavipeleka mahali alipopaamini kuliko pote duniani, kisha akapasahau, akamsahau na mwenye mahali. Ungemwambia nani jambo kama hilo? Nani angeamini kwamba huo ndio ushahidi wa kupendwa?

Majuma yaliyofuata Aubrey aliuvaa ufunguo nje ya shati lake na kuugusa kila wakati. Hester hakugusa kabati. Jumamosi ilifika, akatandaza magazeti kwa mazoea, kisha akayakunja tena. Alianza kuona udongo. Ulikuwa kwenye magoti ya suruali ya kaka yake, chini ya kucha zake, kwenye sinki la bafuni. Alimpigia Lionel simu.

"Baba yako anachimba."

"Ni vizuri apate hewa, Shangazi. Daktari alisema bustani inawatuliza."

"Sizungumzii maua. Anatoka na kitu chini ya koti."

Ilikuja sauti ya mtu anayehesabu subira yake. "Umeona ni kitu gani?"

"Hapana. Akiniona anarudi ndani."

"Niko kwenye kikao. Nitakupigia."

Hakupiga. Hester akajaribu kumfuata. Alimngoja Aubrey apite mlango wa nyuma, akatoka kwa ule wa mbele na kuzunguka nyumba kadiri goti lake bovu lilivyomruhusu. Bustani ilikuwa kubwa, na chini yake kulikuwa na miti ya matofaa inayoshuka hadi kijitoni. Alimwona karibu na ukuta, amesimama na jembe, koti limevimba upande mmoja.

"Kaka, umebeba nini hapo?"

Aligeuka na jembe likageuka naye. "Mwizi!" alipiga kelele. "Mwizi huyu! Amenifuata tena!"

Ng'ambo ya uzio Bi Tapscott, jirani yao, alikuwa anapita na mbwa wake. Akasimama. "Kuna nini, Hester?"

"Hakuna kitu."

"Anasema…"

"Nimesikia anasema nini, Bi Tapscott. Ni mgonjwa."

"Maskini," alisema Bi Tapscott, lakini macho yake yalikaa kwa Hester muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, na Jumapili iliyofuata kanisani watu wawili waliokuwa wakimsimamisha kila mara kuuliza hali ya Aubrey walipita tu wakiinamisha vichwa.

Ilitokea siku moja ufunguo ukawa wake. Aubrey alikuwa anaoga, na ameuacha umening'inia kwenye kiti pamoja na shati. Hester aliushika. Ulikuwa na joto la mwili wa kaka yake. Angeweza kwenda chini, kutoa kilichobaki, kukifunga kwenye shuka na kukipeleka kwa kasisi akitunze. Ingechukua muda mfupi tu. Lakini alijiona pia akikutwa kwenye ngazi na vyombo mikononi, na kaka yake akitoka na taulo, na Bi Tapscott mlangoni, na Lionel kwenye simu akisema hasemi kitu. Maji bafuni yaliacha kutiririka. Akaurudisha ufunguo kwenye kiti, akaunyoosha na uzi wake jinsi ulivyokuwa.

Ni Aubrey mwenyewe aliyemwambia, wakinywa chai. Alikuwa mchangamfu siku hiyo, akichovya biskuti. "Wakija Wajerumani," alisema, "hawatapata hata kijiko."

Hester alishusha kikombe. Wakati wa vita, kile kiangazi ambacho watu wote waliamini Wajerumani watavuka bahari, bibi Lavinia alizika vyombo vyote chini ya banda la kuku. Hester alikuwa mdogo mno, alisimuliwa tu. Lakini Aubrey alikuwa na miaka sita na ndiye aliyemshikia bibi magunia. Alisifiwa kwa hilo maisha yake yote.

"Umevizika wapi, Kaka?" aliuliza polepole.

Alimtazama kwa ujanja wa mtoto. "Bibi kasema tusimwambie mtu. Hata Hester hatumwambii. Ni mdogo, ataropoka."

Safari hii Lionel alikuja, kwa sababu Hester alilia kwenye simu na hakuwahi kumsikia akilia. Walifungua kabati. Kile kitambaa cha kijani kilikuwa na alama za mviringo mahali vyombo vilipokaa kwa miaka na miaka, na juu ya alama hizo hapakuwa na kitu. Lionel aliingiza mkono mpaka mwisho wa rafu, kana kwamba vingeweza kuwa vimejificha kwenye giza.

Walichimba siku nyingi. Lionel alikodi mtu mwenye chombo kinacholia kikipita juu ya chuma, na kililia kila mahali: misumari, vyuma vya kwato za farasi, makopo, vipande vya jembe la mkono la enzi za babu. Aubrey alikaa kwenye benchi na blanketi magotini, Hester kando yake.

"Vijana wanapanda nini?" aliuliza.

"Wanatafuta, Kaka. Si ungewaonyesha?"

"Ningewaonyesha nini?" Na uso wake haukuwa na kitu chochote. Hakuwa akificha tena. Hata siri yenyewe ilikuwa imemtoka.

Vinara walivipata chini ya mpeasi, na sinia pamoja navyo. Buli la kahawa lilitoka kwenye lundo la majani ya kuoza, mdomo wake umeng'oka. Bakuli la supu lilikuwa karibu na ukuta, na ni jembe la mtu wa Lionel lililolifikia kwanza. Mfuniko ulipasuka kwa mlio ambao Hester aliusikia mpaka kwenye benchi. Vijagi havikuonekana. Vibakuli vya chumvi havikuonekana, wala upawa, wala uma hata mmoja, wala kijiko. Huenda vilikuwa bustanini bado. Huenda vilikwenda kijitoni, maana Bi Tapscott sasa alikumbuka kwamba alimwona Aubrey mara mbili amesimama ndani ya maji na viatu vyake. Hakuona sababu ya kulitaja kabla, alisema.

Lionel alikuwa anakwangua tope kwenye viatu vyake alipomgeukia shangazi yake. "Kuhusu lile jambo la vijagi," alisema. "Basi. Unajua."

"Najua nini?"

"Kwamba hatukuwa na nia mbaya."

Hester alingoja. Alidhani kuna kingine kinakuja. Lionel aligonga kiatu ukutani, tope likadondoka, akaingia ndani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio, na hakuna hata moja aliloulizwa Hester. Aubrey hakuweza tena kukaa nyumbani. Akapelekwa kwenye nyumba ya kulelea wazee huko Leominster. Ili akae huko ilibidi nyumba iuzwe. Mwenye mamlaka ya kusaini alikuwa Lionel, na alisaini. Hester alitafutiwa nyumba ndogo ya chumba kimoja mjini humo humo, juu ya duka la nyuzi za sufu, na Petra alikuja na mapazia mapya aliyoyachagua mwenyewe. Vyombo vilivyobaki vingepelekwa mnadani pamoja na saa na picha. "Viko vitatu vinne tu sasa, Shangazi, na vimevunjika," alisema Lionel. "Nani atavisugua?"

Mtu wa mnada alikuja kuvitazama. Aliitwa Bwana Fairlamb, kijana bado, mwenye sauti ya chini na kucha safi, na Hester alimpenda papo hapo kwa jinsi alivyolishika bakuli: kwa viganja, si kwa vidole. Akafikiri, huyu atasikiliza. Akamkalisha, akamwekea chai, akaanza. Alimweleza Thomasina na baba yake aliyelia. Alimweleza Augustus na kamari, na yule mama mjamzito kwenye gari la farasi. Alisimulia kama bibi yake alivyosimulia, kwa maneno yale yale, bila kuruka, na alipofika mwisho alikuwa na haya kidogo, kama mtu aliyeimba mbele za watu.

"Ni hadithi nzuri sana, Bi Garroway," alisema Bwana Fairlamb, na alimaanisha. "Wanunuzi wanapenda mambo hayo. Kuna chochote kilichoandikwa?"

"Kama nini?"

"Wosia unaovitaja. Picha ya zamani ya meza ikiwa imeandaliwa. Risiti yoyote."

"Hakuna. Bibi alinisimulia."

"Naye alisimuliwa na nani?"

"Na mama mkwe wake. Ndivyo ilivyokuwa."

Bwana Fairlamb akaligeuza bakuli, akatoa kioo kidogo cha kukuzia na kukiweka jichoni. "Huyu Thomasina aliolewa mwaka gani, ulisema?"

"Sitini na moja. 1761."

"Tazama mihuri hii, iliyogongwa bakuli lilipotengenezwa." Alimpa kile kioo. "Ile herufi ya mwisho ni ya mwaka. Inasema 1792."

Hester alitazama. Aliiona herufi, ndogo na safi. Alikuwa ameisugua maisha yake yote. "Labda walikosea kugonga," alisema.

"Hawakukosea mambo hayo, Bi Garroway. Na kuna hili." Alilipumulia bakuli ubavuni, pale pale kwenye nembo, kama mtu anayepasha kioo cha dirisha joto. Ukungu ulipotanda, chini ya mguu wa korongo kukatokea mistari mingine, hafifu: pua, jino lililochomoza, kichwa cha nguruwe mwitu. Ukungu ulipokauka kikatoweka. "Kulikuwa na nembo ya watu wengine. Ikakwanguliwa, ikachorwa yenu juu yake. Ilikuwa kawaida tu. Mtu wa ukoo wenu alilinunua likiwa limetumika."

"Nani?"

"Hatuwezi kujua."

"Lini?"

"Hilo pia."

Alimwomba apumulie tena. Bwana Fairlamb alipumulia, na wote wawili wakamtazama nguruwe akija na akienda. Kisha kijana akalichukua buli la kahawa lisilo na mdomo, akaliinamisha kwenye mwanga, na hapo alisita, kwa kuwa alikuwa mtu mwema.

"Hili je?" Hester aliuliza. "La Augustus?"

"Hili linaweza kuwa la zamani zaidi. Linaweza kabisa kuwa la ukoo wenu tangu mwanzo. Ila mihuri yake imefutika, sioni hata mmoja." Alipitisha kidole gumba chini ya kitako. "Ni kusuguliwa. Miaka mingi, kwa mkono wenye nguvu. Aliyelitunza alilipenda kupita kiasi."

Hester alijibu kwamba chai imepoa, akainuka kuongeza maji ya moto.

Kijitabu cha mnada kilipochapishwa, Lionel alimletea nakala. Vinara, sinia, buli lenye kasoro, bakuli lenye mfuniko uliopasuka. *Mali ya bwana mmoja wa mashambani*, kiliandika. Hapakuwa na Thomasina, wala Augustus, wala hata jina Garroway. Lionel alikuwa ameomba jina lisitajwe, kwa heshima. Siku ya mnada alimpitia shangazi yake kwa gari, na wakiwa njiani, pengine kwa sababu Hester alikuwa kimya sana, alisema ghafla, "Lakini ungependa kubaki na kimoja? Chukua chochote. Kinara, tuseme."

"Kinara ningependa," alisema Hester.

Walipofika, Lionel alimfuata dada wa mapokezi. Dada yule alipekua, akapiga simu ya ndani, akarudi na uso wa masikitiko. Vinara vilikuwa fungu moja, vinne, vilishatangazwa, na kuna watu wamesafiri kwa ajili yake. Fungu haliwezi kuvunjwa siku ya mnada.

"Labda sinia?" Lionel aliuliza. Nalo vivyo hivyo. Akamrudia Hester, amekunjua mikono. "Ningefikiria mapema. Kichwa changu siku hizi…"

"Haidhuru," alisema Hester.

Walikaa safu ya nyuma. Alikuwa amejiandaa kwa kitu kirefu, kama mazishi. Vinara vikaja, watu wawili wakainua vidole, nyundo ikagonga. Sinia, nyundo. Buli lilichekwa kidogo na mtu wa mbele, nyundo. Bakuli likanunuliwa na mtu aliyekuwa kwenye simu, na hata msichana aliyeshika simu ile hakujua anazungumza na nani, wala yuko nchi gani. Hester alikuwa bado anatafuta miwani kwenye mkoba wake walipokuwa wameshaanza kuuza mazulia.

Siku za Jumatano na Ijumaa Hester anakwenda kumtazama kaka yake. Si mbali, anapita sokoni, anapumzisha goti kwenye benchi la kanisa, anafika. Aubrey amekonda. Siku nyingine anamwita "nesi", siku nyingine hamwiti chochote, na kuna siku anamshika mkono tangu anapofika hadi anapoondoka, na Hester hajui anadhani ameshika mkono wa nani.

Juzi alimkuta analia. Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, machozi yakimtiririkia kidevuni, na mmoja wa wanaowahudumia wazee, msichana mnene mwenye uso mchangamfu aitwaye Kerry, amesimama kando ameshika kiuno.

"Afadhali umekuja," alisema Kerry. "Tangu asubuhi. Anasema ameibiwa ndara. Zungumza naye wewe, labda atakusikia."

Ndara alikuwa amezivaa. Zilikuwa za manyoya, za rangi ya kahawia, Hester ndiye aliyemnunulia.

"Kaka," alisema. "Zitazame miguuni."

"Hizo si zangu. Zangu amechukua."

"Nani amechukua?"

Aubrey hakuwa na wa kumtaja tena. Alitazama chumba kizima, kiti kwa kiti, wazee wenzake waliolala na midomo wazi, Kerry, mlango, kisha yeye, na usoni mwake hakukuwa na hasira yoyote iliyobaki ya kumrushia mtu. "Sijui," alisema. "Mimi sijui. Nisaidie."

Hester alishika mkono wa kiti, akapiga magoti, lile zima kwanza na lile bovu baadaye. Alivua ndara moja, akamwonyesha, akamwonyesha hata jina lake lililoshonwa ndani na Kerry. Akamvisha tena. Akavua ya pili.

"Ni nzuri," alisema Aubrey kwa adabu, akilia. "Lakini ni za mtu mwingine. Atazitafuta."

Hester alikaa pale chini, mguu mtupu wa kaka yake ukiwa baridi mikononi mwake, akausugua kidogo ili upate joto, na huko nyuma akasikia magurudumu ya toroli la chai yakianza kuja ukumbini, yakisimama kwenye kila mlango.